Upupu na Ndugu Yake

Hapana mtoto wa shamba asiyeujua upupu. Na kama yupo, ataujua siku atakapopita chini yake wakati wa kiangazi. Mmea huu hauwezi kusimama peke yake. Hutafuta mti au kichaka, ukajizongazonga hata kileleni. Majani yake hukaa matatu matatu katika kikonyo kimoja, kama ya kunde, maana ni jamaa moja. Maua yake ni ya zambarau, nayo huning'inia kwa vishada. Maganda yamepindika, tena yamevikwa vinyweleo vya hudhurungi. Yakikauka, vinyweleo hupeperushwa na upepo, vikachoma ngozi na kuwasha sana. Nawe ukijikuna wavieneza. Kumpaka mwenzio upupu si mchezo, kwani vikiingia machoni vyaweza kumdhuru.

Lakini upupu una ndugu yake asiyewasha, mwenye maganda laini kama mahameli. Huyu wakulima humpanda kwa makusudi. Katika mizizi yake mna vifundo vidogo, na ndani yake hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutwaa naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mimea. Majani yake huifunika ardhi, magugu yakakosa mwanga. Mkulima huukata mmea na kuuacha uoze pale pale, shamba lililochoka likapata nguvu. Ukitaka kuupanda kati ya mahindi, ngoja kwanza majuma 4 hadi 6, mahindi yakomae shina. La sivyo utayaparamia na kuyaangusha.

Sasa sikilizeni vema habari za mbegu. Zina chakula kingi cha kujenga mwili, lakini mna pia levodopa, dawa ambayo madaktari huwapa wenye ugonjwa wa Parkinson. Kwa kipimo cha daktari hufaa. Kwa sahani nzima hutapisha na kuvuruga akili. Huko Msumbiji watu huzila, ila huzichemsha mara nyingi, na kila mara humwaga maji. Mwaka 1989, katika jimbo la Nampula, kulikuwa na vita na ukame. Maji yakawa haba, wapishi wasiweze kuyamwaga na kutia mengine kama desturi. Watu zaidi ya 200 wakachanganyikiwa akili.

Basi mbegu za kupanda ziwekeni katika debe lenye kifuniko, mbali na kunde za jikoni, na wadogo wasiojua kusoma waambiwe kwa kinywa.