MBOGA ZA MASIKA: TUZITAMBUE, TUZICHUME, TUZIPIKE

Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ninaokusudia katika makala haya ni mboga za mwitu zinazoota zenyewe mvua ya masika inyeshapo hapa kwetu Kilifi, bila kupandwa, bila mbolea na bila kununuliwa. Wenzetu wengi shuleni huzicheka. "Ah, hiyo ni chakula ya mbuzi!" ndivyo wasemavyo, kisha jioni hao hao wanatumwa dukani kuuliza sukuma wiki ni pesa ngapi.

Ndugu msomaji, nataka tujifunze mambo matatu: kuzitambua mboga hizi, kuzichuma bila kuzimaliza, na kuzipika bila kuzipotezea faida. Nitataja pia hatari zake, maana mmea wa kuokota si kama kabeji ya sokoni. Asiyejua anachochuma anaweza kuleta nyumbani maradhi badala ya mboga.

1. KWA NINI TUZIJUE?

Sababu ya kwanza ni njaa. Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na mvua kubwa hunyesha mwezi wa Mei. Huo ndio wakati ambapo katika boma nyingi mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha ghalani, na yale yaliyopandwa bado ni majani tu. Mahindi yanataka miezi mitatu au zaidi ndipo yaliwe. Lakini mboga za mwitu hazingoji. Wiki mbili tatu baada ya mvua ya kwanza, tayari zimejaa shambani na kandokando ya njia. Kwa hivyo zinaziba pengo lile lile ambalo mfuko na ghala vimeshindwa kuliziba. Unga kidogo ukipatikana, kitoweo kipo.

Sababu ya pili ni afya. Majani ya kijani kibichi yana madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, yana chokaa ya mifupa, na yana vitamini A na C. Mtu anayekosa vitamini A kwa muda mrefu huanza kutoona vizuri giza linapoingia. Mwanafunzi wa kutwa anayesoma kwa kibatari anajua thamani ya macho.

Sababu ya tatu ni kwamba ujuzi huu unaweza kupotea. Wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walichapisha mwaka 1999 kitabu kikubwa kuhusu mimea ya asili inayoliwa nchini, na inakadiriwa kuwa mimea takriban 200 ya Kenya huliwa majani yake. Sasa hebu jiulize, wewe unaweza kutaja mingapi? Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili, iliyoanza mwaka 2007, katika orodha ya mifano bora ya kulinda utamaduni. Yaani walimwengu wanatusifu kwa kitu ambacho sisi wenyewe tunakionea haya kwenye sahani!

2. MBOGA TANO NA ALAMA ZAKE

(a) Mtsunga. Hii ndiyo mboga maarufu ya Wamijikenda, na jina lenyewe linatukumbusha uchungu. Majani yake ni marefu na membamba, mengi yakiwa yamekaa chini kuzunguka shina, na maua yake ni ya manjano. Ukikata jani, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi, ndiyo maana ukiupiga jembe leo, kesho kutwa unachipuka tena. Lakini tahadhari! Si kila mmea wenye utomvu mweupe ni mtsunga. Mnyaa nao una utomvu mweupe, na huo ukiingia machoni utajuta.

(b) Mnavu. Wakikuyu huuita managu, na Wajaluo osuga. Una maua madogo meupe yenye kitovu cha manjano na vitunda vya mviringo vinavyokaa kwa vichala. Majani machanga ndiyo mboga. Vitunda vikiwa bado vya kijani vina sumu, kwa hivyo visiingie chunguni kamwe.

(c) Mwangani, ambao kwa Kiswahili sanifu ni mgagani. Wajaluo husema dek, Wakisii chinsaga, Waluhya tsisaka. Jani lake limegawanyika vipande vitano mara nyingi, kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Ukilishika linanatanata kidogo na lina harufu yake ya pekee.

(d) Mrenda. Wajaluo huuita apoth na Waluhya murere. Ukiupika huteleza kama bamia. Alama yake nzuri ni hii: tazama pale jani linapokutana na kikonyo chake, utaona nyuzi mbili ndogo zimetokeza kama masharubu ya panya. Maua yake ni madogo ya manjano.

(e) Talakushe, ambayo wengine huiita tsalakushe. Hupenda kivuli, hasa chini ya miembe na mikanju, na hutambaa ikafunika ardhi. Ua lake ni jeupe, na mdomo wa chini wa ua una madoa ya zambarau. Haina uchungu, kwa hivyo hutumiwa kupunguzia ukali wa mtsunga.

3. ADUI ANAYEFANANA NA RAFIKI

Katika shamba hilo hilo la mahindi huota mmea uitwao mnanaha. Ni ndugu wa mnavu kwa ukoo, na ukiwa mchanga unaweza kumdanganya mtu mwenye haraka. Tofauti ni hizi: majani ya mnanaha ni makubwa na kingo zake zina meno meno, ukiyasugua yananuka vibaya, ua lake ni refu kama tarumbeta, na tunda lake lina miiba pande zote. Mmea wote una sumu, hasa mbegu. Aliyeula hukauka mdomo, mboni za macho humpanuka, moyo humwenda mbio, na huanza kuona vitu visivyokuwepo.

Hili si jambo la kutishia watoto. Mwaka 2019 katika eneo la Karamoja nchini Uganda, mamia ya watu waliugua na 5 wakafa baada ya kula unga wa msaada uliokuwa na sumu ya mbegu za mimea ya jamii ya mnanaha. Ikiwa hata kiwandani mbegu hizo zilipenya, sembuse kwenye kikapu chetu?

Kwa hivyo shika kanuni hizi nne:

Kwanza, usichume mmea kwa kuangalia alama moja tu. Tazama jani, shina, ua na harufu. Vikikataa kukubaliana, uache.

Pili, mara ya kwanza nenda na mtu anayejua. Nyanya yako anaweza kuwa hajui kusoma, lakini katika somo hili yeye ndiye profesa. Kuuliza si ujinga, na wala makala haya hayatoshi kuchukua nafasi yake.

Tatu, uliza shamba limepuliziwa nini. Siku hizi wakulima wengi hutumia dawa ya kuua magugu. Mtsunga ulio kando ya mahindi yaliyopuliziwa ni mtsunga ulionyweshwa dawa, hata kama bado haujanyauka. Vilevile usichume kando ya barabara kuu, karibu na jalala au kwenye maji machafu.

Nne, mtu akila mmea asioujua na akaanza kuugua, mpelekeni hospitalini upesi, na mchukue kipande cha mmea huo ili daktari auone. Msipoteze wakati na maziwa na dawa za kubahatisha.

4. KUCHUMA KWA ADABU

Wakati mzuri ni asubuhi, majani yakiwa bado hayajachoka na jua. Chuma ncha na majani machanga tu, usiung'oe mmea. Ukikata ncha, mmea hutoa matawi mapya na baada ya siku chache unarudi tena. Acha mimea michache ya mwangani na mnavu itoe maua na mbegu, kwa sababu hiyo ndiyo benki ya masika ya mwakani. Shambani kwa jirani, bisha hodi kwanza. Nako kayani hakuingiwi ovyo. Ni lazima wazee watoe ruhusa.

5. MTSUNGA WA NAZI

Mahitaji: konzi 1 ya mtsunga, konzi 3 za mboga zisizo chungu (mchicha au talakushe), nazi 1, kitunguu 1, nyanya 2, chumvi na ndimu.

(i) Chambua mboga, uondoe vikonyo vigumu, vitunda na majani ya manjano. Zioshe katika maji safi mara mbili au tatu, kisha ndipo uzikate. Ukikata kwanza halafu ukaosha, vitamini C inakwenda na maji.

(ii) Tia mtsunga peke yake katika maji yanayochemka kwa dakika 5 hivi, umwage maji, uukamue. Hapo uchungu umepungua. Ni kweli kwamba vitamini C nyingine imemwagika pia, lakini hasara hiyo tutailipa mwishoni kwa ndimu.

(iii) Kuna nazi kwa mbuzi, ukamue tui la kwanza, zito, uliweke kando. Ongeza maji kwenye machicha ukamue tui la pili, jepesi.

(iv) Bandika tui la pili pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi. Likichemka, tia mboga zote, uziache kwa dakika 10 hivi.

(v) Mimina tui la kwanza, upunguze moto, na ukoroge bila kuacha ili tui lisikatike. Likishikana na mboga, ipua.

(vi) Mezani kamulia ndimu, ule kwa sima ya moto.

Angalia sasa jinsi akina nyanya walivyokuwa wanasayansi bila maabara. Vitamini A ya majani huingia mwilini vizuri zaidi ikiwa chakula kina mafuta, na tui ni mafuta. Ndimu nayo husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyo katika majani. Kinyume chake, chai ikinywewa papo hapo baada ya chakula huyazuia madini hayo, kwa hivyo chai ingoje kidogo.

Wenzetu wa bara wana njia zao. Wakisii na Wakalenjin huutia mwangani maziwa, pengine ukalala usiku kucha uchungu ukalainika. Waluhya huupika mrenda pamoja na majani ya kunde, wakitia magadi kidogo. Magadi hulainisha, lakini yakizidi huharibu vitamini C. Yatiwe kwa ncha ya kidole, si kwa kijiko.

6. TAMATI

Mgala muue na haki yake umpe. Sukuma wiki ni mboga nzuri, simchukii mtu kwa kuila, lakini ni mgeni anayetaka pesa na maji ya kumwagiliwa. Mboga za masika ni za kwetu, na zinakuja hasa mwezi ule ambao nyumba nyingi hazina kitu. Atakayezijua atakuwa na kitoweo. Asiyezijua atazipalilia azitupe, kisha alale na njaa kando ya rundo la mboga alizozing'oa kwa mkono wake mwenyewe.

ZOEZI

1. Taja alama tatu zinazotofautisha mnavu na mnanaha.
2. Kwa nini mboga zioshwe kabla ya kukatwa?
3. Eleza kazi ya tui na ya ndimu katika mtsunga wa nazi.
4. Muulize mzee mmoja wa kwenu akutajie mboga tatu za mwitu ambazo hazimo katika makala haya. Andika majina yake kwa lugha ya kwenu, alama zake na jinsi zinavyopikwa, ulete kwenye mkutano wa chama ili na sisi tujifunze.