Zimebaki wiki 26 za mkataba, na nyumbani tunakopa unga

Shangazi,

Mimi ni dereva wa gari za mtandaoni hapa Dar es Salaam. Naishi Yombo na mke wangu na watoto wawili. Gari ni IST ya mkataba: kila Jumapili nampelekea tajiri hesabu ya shilingi 180,000 kwa wiki 104, ndipo gari liwe langu. Nimeshalipa wiki 78.

Kazi naipenda. Ukivuka Daraja la Tanzanite alfajiri, vioo umeshusha, bahari huku na huku, unajisikia mtu. Mwezi uliopita nilimchukua mama mmoja Hospitali ya Amana, yeye, mapacha wake wa siku tatu na bibi yao. Niliendesha polepole mpaka Gongo la Mboto kama nimebeba mayai. Bibi aliniombea dua kabla ya kufunga mlango. Nilishinda nayo siku nzima.

Lakini siku nyingine ni mateso. Rikwesti inatoka ndani kabisa Kinyerezi, unaingia kwenye mashimo mpaka unafika, unapiga simu: "Nakuja dereva, dakika mbili." Zinapita 14, anakansel. Mwingine yuko Mwenge, kwenye ramani kajiweka Lugalo, halafu ananigombeza: "Mbona nakuona umesimama tu?" Foleni yeye haioni. Mwingine anashuka akisema pesa anaituma sasa hivi, mpaka leo.

Natoka saa kumi alfajiri, narudi saa nne usiku, siku sita kwa wiki. Mke wangu akiniuliza nimepata ngapi, namjibu laki moja, maana ndiyo simu inayoonyesha. Anauliza: "Sasa mbona unga tunakopa?" Nakosa jibu, nageukia ukutani nalala. Shemeji ana duka la vifaa vya ujenzi Kahama, anataka nikamsaidie. Niliache gari?

Dereva, Yombo

Mwanangu,

Marehemu mume wangu aliendesha teksi miaka 19, kijiwe chao kilikuwa Magomeni. Naye alikuwa akigeukia ukutani. Nilijua siku ilivyokuwa kwa namna alivyovua viatu, lakini pesa zenyewe sikuzijua, na kwa kutozijua nilimwonea mara nyingi. Nilidhani ana nyumba nyingine. Kumbe alikuwa na springi zilizokatika na deni la fundi. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara tatu, na nakujibu kama mtu aliyelala upande wa pili wa kitanda hicho.

Mkeo humdanganyi kwa kusudi. Unajidanganya mwenyewe kwanza. Hiyo laki moja si yako. Tuiandike pamoja. Kampuni ikikata robo, zinabaki 75,000. Kwa laki moja ya mjini, ukijumlisha na kilomita za kumfuata abiria ambazo hakuna anayekulipa, nadhani unatembea kilomita 150 hivi. Ni kama lita 12, na petroli tukiikadiria shilingi 3,000 kwa lita, hapo 36,000 zimekwenda. Zimebaki 39,000. Hesabu ya tajiri ukiigawa kwa siku sita ni 30,000. Mkononi una 9,000, na bado hujala, hujaosha gari, hujanunua bando, hujakutana na trafiki mwenye faini yake ya 30,000.

Hapo ndipo unga ulipo.

Makato ya kampuni si jambo dogo, na si wewe peke yako unayeyalalamikia. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipoyawekea kikomo cha asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma zake nchini. Ikarudi 2023, baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Sehemu hiyo ya mfuko wako huiwezi peke yako. Nakuomba uache kujilaumu kwayo, kwa sababu naiona lawama hiyo katika kila mstari wa barua yako.

Sasa Kahama. Umeshalipa shilingi 14,040,000. Zimebaki 4,680,000. Mikataba mingi ya namna hii, dereva akiacha katikati gari linarudi kwa mwenyewe na alicholipa hakirudi. Ukivumilia hizo wiki 26, ile 30,000 ya kila siku itakuwa inalala nyumbani kwako. Shemeji mshukuru, mwambie asubiri. Mimi nisingeondoka.

Ila nina hofu moja, na nataka uifanyie kazi wiki hii hii. Hujaniambia kama mkataba umeandikwa. Kama upo, usome tena: ukikosa wiki moja inakuwaje? Gari likilala gereji je? Uhamishaji wa umiliki TRA unafanyika lini, na nani analipia? Kama mlikubaliana kwa mdomo, muandikiane mbele ya wakili au serikali ya mtaa, sasa, tajiri angali anakuheshimu kwa wiki 78 ulizolipa. Ujumbe wote wa miamala ya simu utunze, na uuchapishe ukiweza. Nimewaona vijana walioshindwa kuthibitisha walicholipa, na kilio chao sitaki kukisikia kwako. Na kama unawaza kubadili gari litumie gesi, iache habari hiyo kwanza mpaka kadi ya gari isome jina lako.

Na usingizi. Saa kumi alfajiri mpaka saa nne usiku ni saa 18. Mwanangu, hapana. Ukisinzia Barabara ya Nyerere wiki ya 80, mkataba wote huu hauna maana, na mapacha wa mtu mwingine watakuwa kiti cha nyuma. Asubuhi ifanyie kazi, jioni ifanyie kazi, mchana jua linapochoma na rikwesti zimepungua rudi Yombo ulale kwa muda wa saa tatu kamili. Ya Kinyerezi ndani, iliyo mbali na nauli ndogo, una haki ya kuiacha ipite.

Mume wangu alikuwa na kitu ambacho wewe huna: kijiwe. Abiria akikimbia na nauli, wenzake walicheka naye, wakamnunulia chai, na gari lilipozima walilisukuma. Wewe unakula matusi peke yako na simu, halafu unayabeba mpaka nyumbani. Tafuta madereva watano, sita, mkutane mahali fulani kila asubuhi, mchangie hata 2,000 kwa siku kwa ajili ya matairi na gereji. Jambo hili usilichukulie kama nyongeza. Ndilo lililomfikisha mume wangu miaka 19.

Nanyi mnaosoma huku mnaagiza gari, shukeni getini kabla hajafika. Dakika 14 zenu ni mkate wa mtoto wa mtu.

Jumamosi usiku, kabla ya siku ya hesabu, nunua daftari, kaa na mkeo, muandike wote wawili: iliyoingia, iliyokatwa, mafuta, tajiri, iliyobaki. Anaweza kukasirika. Mimi ningekasirika kidogo, kisha ningeanza kuhesabu naye hizo wiki.

Lakini usianzie na daftari. Habari ya mapacha na dua ya yule bibi umenisimulia mimi, mtu usiyenijua. Mkeo nadhani hajaisikia, pengine siku hiyo alichojua ni kwamba umechelewa kurudi. Anza na hiyo.