Mashine ya Boti Inayopata Moto: Somo la Kutafuta Chanzo cha Kasoro

Miongoni mwa mada za Sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, joto na mashine ni mada ambazo walimu wanafunzi huziandalia masomo kwa urahisi na kuzifundisha kwa shida. Andalio huwa safi, ubao hujaa, wanafunzi hunakili. Hata hivyo, mtoto aliyenakili sababu saba za injini kupata moto bado hawezi kusema ni ipi kati ya hizo saba inayoiunguza injini iliyo mbele yake. Katika makala hii tunakusudia kueleza somo moja tulilolifundisha sisi wenyewe katika shule iliyo kando ya Ziwa Viktoria, kosa tulilolifanya, na namna tunavyolifundisha somo hilo sasa.

Kisa tulichowapa wanafunzi wa darasa la sita kilikuwa hiki. Mvuvi amepeleka mashine ya boti kwa fundi kwa sababu gia zimelika. Fundi ameufungua mguu wa mashine, yaani sehemu ya chini inayozama majini pamoja na rafadha, akabadilisha gia na sili, kisha akaurudisha mguu mahali pake. Kesho yake mvuvi anaingia ziwani. Kwa mwendo wa pole hakuna taabu. Anapoongeza mwendo, baada ya robo saa hivi, uzi wa maji utokao katika tundu dogo la nyuma unageuka kuwa matone, kichwa cha injini kinanuka rangi inayoungua, na nguvu zinapungua. Kwa watoto wa pale jambo hili halikuwa la vitabuni. Mashine ikikwama mbali na ufuko huku upepo ukigeuka, ndani ya boti hiyo yumo baba au kaka wa mtu aliyeketi darasani.

Katika andalio tulikuwa tumeandika: "Wanafunzi wataje sababu za injini kupata moto." Mikono ikainuka kwa wingi. Wakataja magugumaji, mfuko wa plastiki ulioziba mlango wa maji, oili kidogo katika petroli, mzigo mzito. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, kabla ya kutengenezwa, ilikuwa inapata moto?" Tukamwambia angoje, kwa kuwa tulikuwa tumeweka maswali ya wanafunzi mwishoni mwa kipindi. Kengele ikalia. Tukatoka darasani tukiwa na orodha nzuri ubaoni, na swali lililostahili kuliko yote likiwa halikujibiwa.

Tuliona uzito wa swali lile jioni, tulipokaa na fundi mmoja mzee wa mwaloni. Yeye hakutaja sababu hata moja kabla ya kuuliza jambo lilelile. Ikiwa mashine haikupata moto kabla ya matengenezo, chanzo kitafutwe kwanza mahali ambapo mkono wa fundi umepita. Hapo mwalimu hana budi kuufahamu mguu wa mashine barabara. Pampu ya maji ipo juu ya sanduku la gia, nayo huzungushwa na shafti ileile inayozungusha gia. Ndani yake mna gurudumu la mpira lenye mapezi, ambalo mafundi huliita impela. Huvuta maji ya ziwa na kuyapandisha kwa bomba jembamba hadi kwenye injini. Mguu unaposhushwa, bomba hilo huachana na pampu. Unaporudishwa, ncha ya bomba yapasa kuingia tena katika tundu lake la mpira, mahali ambapo jicho la fundi halifiki vizuri. Ikikosea tundu, pampu hufanya kazi yake yote, lakini maji mengi humwagika ndani ya mguu. Kwa mwendo wa pole kiasi kidogo kinachofika juu chaweza kutosha. Kwa mwendo wa kasi hakitoshi.

Yako makosa mengine ya mahali hapohapo. Kipande kidogo cha chuma kinachoifunga impela kwenye shafti chaweza kudondoka wakati wa kuunganisha. Basi shafti huzunguka na impela hukaa. Au mashine ilijaribiwa nchi kavu bila maji, na mapezi ya mpira yakaungua kwa muda mfupi sana. Au vipande vya impela ya zamani vilibaki katika njia za maji.

Sasa twalifundisha somo hivi. Tunasimulia kisa, kisha wanafunzi ndio wanaouliza, nasi twajibu lile tu ambalo mvuvi angeweza kuliona, kulisikia au kulinusa. Atakayetaja sababu huulizwa: tutajuaje kama ndiyo hiyo? Asiyeweza kutaja jaribio, sababu yake huwekwa kando kwa muda. Watoto hulalamika mwanzoni, kwani wamezoea kusifiwa kwa kila jibu.

Zana ni rahisi: ndoo ya maji, chupa ya plastiki iliyotobolewa kizibo, mpira mwembamba wa maji, na impela iliyochakaa kutoka kwa fundi. Mpira ukiingizwa barabara katika kizibo, kuminya chupa hupandisha maji hadi juu ya dawati. Ukishikwa pembeni ya tundu, maji humwagika na juu hufika matone. Hatukuona haja ya kueleza zaidi, mtoto mmoja alisema mwenyewe, "Pampu nzima, bomba limekosea njia." Mashine yenyewe isiwashwe darasani kwa hali yoyote. Kwa fundi, yatazamwe majaribio ndani ya pipa lenye maji yanayofunika pampu.

Tulibishana sana na wenzetu juu ya utaratibu wa kupima. Wapo wanaotaka kuanza na kilichoguswa mwisho, wapo wanaotaka kuanza na kilicho rahisi. Sisi twaona mlango wa maji utazamwe kwanza, kwa kuwa hauhitaji hata spana, kisha mguu ufunguliwe. Lakini kila mara kibadilishwe kitu kimoja, mashine ijaribiwe, ndipo kiguswe kingine. Fundi anayebadilisha impela, themostati na bomba kwa mara moja huenda akaiponya mashine, naye asijue ameiponya kwa nini.

Wavuvi hudondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini. Likichemka papo hapo, joto limezidi. Mwalimu asikidharau kipimo hiki. Aongeze kwamba Ziwa Viktoria lipo takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka pale kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi badala ya 100. Awaonye pia kwamba injini iliyopata moto huzimwa na kuachwa ipoe yenyewe. Kuimwagia maji baridi kwaweza kuipasua.

Kwa tathmini, hatuwaulizi tena wataje sababu. Twawapa kisa cha pili: uzi wa maji una nguvu kama kawaida, lakini kichwa cha injini kinaunguza. Waandike maswali matatu ambayo wangemwuliza mvuvi, kwa utaratibu ambao wangeyauliza. Darasa lililofuata tulimpa nafasi ya kwanza yule msichana wa dawati la nyuma. Aliuliza kama themostati nayo ilikuwa imeguswa.