Dar hadi Matema kwa gari: pangeni safari kwa saa za kula

Marafiki wakikubaliana kusafiri pamoja, swali la kwanza huwa ni tutafika saa ngapi. Kwa safari ya kula na kutazama nchi, swali hilo huharibu mambo kabla gari halijawashwa. Anzeni na jingine: tutakula nini, wapi, na wakati huo kitakuwa kimeiva? Supu nzuri ya asubuhi ikifika saa nne imebaki mifupa. Kuku wa kienyeji anahitaji zaidi ya saa moja motoni, na hapo bado hamjahesabu muda wa kumkamata na kumnyonyoa. Samaki wa ziwani huwa watamu asubuhi, wavuvi wakirudi na nyavu zao. Mkipanga kilomita kwanza, mtafika kila mahali sufuria zikiwa zimeoshwa, na mtaishia kula chipsi mayai njia nzima.

Nachukua mfano wa njia ninayoipenda kuliko zote Tanzania: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, kisha kushuka Tukuyu na Kyela hadi Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Ndani ya safari moja mnapita kwenye mananasi ya Pwani, bonde la joto lenye mibuyu, baridi ya nyanda za juu, migomba ya Rungwe na mashamba ya mpunga. Dar hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi. Mkijumlisha kushuka ziwani, kurudi, na kuzungukazunguka, wekeni hesabu ya kilomita 2,000. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 200. Zidisheni kwa bei ya siku hiyo kabla hamjakubaliana mchango, ili asije mtu akashtuka mkiwa Makambako.

Watu wanne katika gari dogo wanatosha. Wa tano atawanyima nafasi ya mchele na vitunguu wakati wa kurudi, na mtanielewa mkifika huko. Chagueni mtunza fedha mmoja, anayekubalika na wote, na kila mtu ampe mchango wake wote kabla ya kuondoka. Yeye ndiye analipa sheli, gesti na mezani. Atenge pembeni fungu la dharura ambalo haliguswi kwa bia wala kwa nyama. Awe pia na noti ndogondogo, maana mama lishe wa kijijini hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi. Kiingilio cha hifadhi za taifa ni jambo jingine: hakilipwi kwa fedha mkononi, hivyo simu au kadi iwe na salio. Marafiki wengi hununiana safarini kwa sababu ya elfu mbili ya soda ambayo hakuna ajuaye nani aliilipa, na mtunza fedha anaimaliza kesi hiyo kabla haijaanza.

Semezaneni mapema pia kuhusu vinywa vyenu. Nyanda za juu kitimoto kinachomwa sana, na kama mwenzenu hakili, basi meza ya siku hiyo iwe mahali ambapo jiko na visu havichanganywi. Asiyekula nyama aseme nyumbani, asisubiri sahani zishatua. Wa kisukari, wa vidonda vya tumbo, mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi, wote wapangiwe nafasi yao bila kuonekana mzigo.

Ondokeni Dar saa kumi na moja alfajiri. Foleni ya Kimara hadi Kibaha haina huruma kwa anayechelewa, na ni vizuri kufika Chalinze, zinapoachana barabara za Tanga na Morogoro, jua likiwa changa. Mananasi yanayouzwa pande hizo mengi hutoka Kiwangwa, Bagamoyo, nayo hujaa sana kuanzia Novemba hadi Januari. Kuleni moja hapo hapo, lililomenywa mbele yenu, kisha nendeni Morogoro kwa supu na chapati mnamo saa tatu. Mji huu haustahili kupitwa mbio. Soko Kuu la Chifu Kingalu hupokea mboga na matunda yanayoshushwa kutoka milima ya Uluguru, na saa mbili za kuzunguka humo zitawafundisha kinachovunwa majira hayo kuliko mtu yeyote atakavyowaeleza. Mnunue ndizi mbivu na karanga za njiani. Chakula cha mchana kuleni huko huko.

Kuna sababu ya kukaa Morogoro hadi saa nane. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na wanyama hupenda kusogea barabarani jua linapopoa. Mkiingia hapo saa kumi jioni, mna nafasi nzuri ya kuona tembo, twiga, pundamilia na nyati bila kulipa kiingilio, kwa sababu mnapita tu. Ila mwendo uwe wa pole kama mabango yanavyoamuru. Faini ya kumgonga mnyama imeandikwa kwa kila aina ya mnyama, na ni fedha za kufilisi. Msishuke kwenye gari, wala msiwarushie nyani maganda ya zile ndizi. Laleni Mikumi mjini, upande wa pili wa hifadhi. Mkitaka kuingia ndani kabisa ya hifadhi, ingieni alfajiri ya kesho yake.

Kutoka Mikumi kwenda Iringa ni kama kilomita 200, na ndicho kipande kizuri kuliko vyote kwa macho. Mnaingia bonde la Mto Ruaha Mkuu, mibuyu imesimama kila upande kwenye miteremko mikavu, kisha mnafika Ruaha Mbuyuni ambako vitunguu vimepangwa barabarani kwa wingi usiosemeka. Mbele yake kuna mlima Kitonga. Upandeni asubuhi. Malori yanayokwenda Tunduma hujikokota pale kwa mwendo wa mtu anayetembea, na anayejaribu kuyapita kwenye kona anacheza na roho za wenzake. Dereva akae nyuma ya lori, apunguze gia, awape abiria wake muda wa kutazama bonde. Wakati wa kurudi, mkiteremka, gari lishikwe kwa gia nzito, kwa sababu breki zinazokanyagwa mlima mzima hupata moto na kukataa kazi.

Kabla ya Iringa mjini mtapita Lugalo. Hapo, Agosti 17, 1891, Wahehe wa Chifu Mkwawa walivamia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Kuna mnara wa kumbukumbu. Simameni. Kesho yake, nendeni Kalenga, yalipokuwa makao ya Mkwawa hadi Wajerumani walipoivunja ngome yake mwaka 1894. Makumbusho madogo ya hapo ndimo linamohifadhiwa fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nawasihi msiwe na haraka huko. Mwongozeni kijana wa makumbusho kwa maswali, naye atawapa zaidi ya yaliyoandikwa ukutani. Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya, ina korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe za watu wa kale zikiwa zimelala chini pale pale zilipopatikana. Vaeni viatu vya kukanyagia mchanga, mwende asubuhi kabla jua halijawa kali.

Na chakula? Iringa mjini kuko juu ya kilima, barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Abiria wengi hula Ipogolo wakaondoka, na hivyo wanaikosa Iringa. Pandeni mjini. Jioni ya kufika, ongeeni na mama lishe yeyote ambaye banda lake lilikuwa limejaa watu mchana. Mwambieni: "Shikamoo mama, kesho saa saba tutakuwa wanne, tunaomba kuku wa kienyeji, ugali wa dona na mnafu." Mwachieni kianzio na namba ya simu. Hii ndiyo mbinu kubwa kuliko zote katika safari ya kula, na ni wachache wanaoitumia. Mpishi akiambiwa jana, hununua kuku mzuri, hachemshi kwa haraka, na mboga huitoa shambani siku hiyo hiyo. Mkimvamia mkiwa na njaa, atawapa kilichopo, naye hana kosa.

Banda zuri hujulikana kwa mambo machache. Watu wa hapo hapo wanakula, na sahani zinatoka jikoni mfululizo. Maji ya kunawa ni ya moto, na sabuni ipo. Swali la kuuliza ni "leo kumepikwa nini?" badala ya "mna nini?", kwa sababu la pili hujibiwa kwa orodha nzima iliyoandikwa ukutani, hata ambayo haipo. Mhudumu wa gesti naye muulizeni yeye mwenyewe hula wapi. Atataja mahali pasipo na bango, na mara nyingi ndipo penyewe. Salamu za wenyeji ziwafungulie njia: "kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "ugonile" mkifika kwa Wanyakyusa. Watu hucheka kwa furaha, na kijiko cha maharage huongezeka.

Msimu wa mvua, Iringa ina ulanzi, pombe inayogemwa kutoka mianzi, tamu ikiwa mpya na kali ikishalala. Wanaokunywa waonje kwa adabu ya kilabu, kiti kimoja na wazee. Dereva asionje hata tone, na siku hiyo abebewe soda na wenzake bila utani.

Iringa hadi Tukuyu ni karibu kilomita 400, mwendo wa siku nzima kwa sababu ya malori na vibao vya kilomita 50 kwa saa vijijini. Trafiki wapo, na tochi zao zinafanya kazi. Mafinga mtakunywa chai, Makambako mtavaa masweta, hasa Juni na Julai, upepo wa pale unapoingia hadi kwenye mifupa. Mkifika Uyole kateni kushoto. Kutoka hapo nchi inabadilika kuwa kijani: chai, migomba, maparachichi. Rungwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo makoti ya mvua yasibaki Dar. Tengeni nusu siku kupanda msitu hadi ukingoni mwa Ziwa Ngozi, lililomo ndani ya kreta ya volkano, mkiwa na mwongozaji wa kijijini. Nusu ya pili mtazame Daraja la Mungu, ambako uji wa volkano uliganda juu ya Mto Kiwira na kuacha daraja la mwamba. Usiku kuleni ndizi za kupikwa na maziwa ya mgando.

Matema ni mwisho wa njia, milima ya Livingstone ikiangukia majini. Ulizeni mbasa na usipa. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo anayetaka mbichi aamke na wavuvi. Upande wa Ikombe akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyosifika kanda nzima. Nunueni kimoja, mkifunge kwenye nguo chafu.

Ununuzi wote mkubwa uwe wakati wa kurudi. Mchele wa Kyela ndio wa kwanza, na mkiununua ombeni mnuse harufu yake ukiwa umepikwa, kwa kuwa jina la Kyela limebandikwa kwenye magunia mengi yasiyotoka huko. Maparachichi ya Tukuyu chukueni magumu. Nyanya na vitunguu vya Ilula na Ruaha Mbuyuni viwe vya mwisho, juu ya mzigo. Ulizeni bei ya sado kwenye meza tatu kabla ya kulipa, lakini mkishaijua bei ya kweli, lipeni. Mwanamke aliyekaa juani tangu asubuhi na sado sita za vitunguu hana faida ya kugawana na watu wanne wenye gari.

Kurudi kuchukue siku mbili, na kulala kuwe Iringa au Mafinga. Msiendeshe usiku barabara hii, hata kama kuna mtu ana kazi Jumatatu. Huyo apande basi la alfajiri au aombe ruhusa ya siku moja zaidi. Safari nzima inataka siku nane au tisa. Kama hamna siku hizo, ishieni Iringa kwa siku nne, mle vizuri, na Matema muiache kwa likizo nyingine. Majira bora ni Juni hadi Oktoba, barabara zikiwa kavu na mpunga mpya wa Kyela ukiwa umeshaingia sokoni. Ukaguzi wa gari ufanyike wiki moja kabla: tairi la akiba, jeki, breki, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Mtunza fedha aanze kukusanya michango mwezi mmoja kabla.