Somo: Kazi ya Mnakili

Utungo hauishi kwa sifa za mtungaji peke yake. Huishi kwa jasho la mwenye kuunakili na kuuhifadhi.

William Shakespeare wa Uingereza alifariki mwaka wa 1616. Mwaka wa 1623 waigizaji wenziwe wawili walikusanya michezo yake 36, wakaipiga chapa. Kumi na minane kati ya hiyo haikupata kupigwa chapa hapo kwanza. Ingaliweza kupotea kabisa.

Visiwa vya Lamu navyo vilikuwa na watungaji mabingwa. Bwana Mwengo bin Athumani wa Pate alitunga Utendi wa Tambuka, habari ya vita vya Waislamu na Kaisari Herekali wa Rumi. Nakala yake moja ni ya mwaka wa 1728. Pate haikuwa na mtambo wa chapa. Tenzi ziliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na karatasi huliwa na mchwa. Hivyo kila kizazi kilihitaji mnakili. Mmoja wao, Muhamadi Kijuma wa Lamu, alifariki mwaka wa 1945, na nakala zake zimehifadhiwa hata Ulaya.

Basi, msomaji, ukikuta maandiko ya kale sandukuni mwa babu yako, usiyatupe. Mwonyeshe mwalimu awezaye kuyasoma. Huenda hakuna nakala nyingine iliyosalia.