Tiketi Moja, Vimo Tofauti: Jinsi ya Kuichagua Bustani ya Burudani kwa Ajili ya Familia

Familia inapokwenda kwenye bustani ya burudani, hulipa kiingilio pamoja, lakini hainunui kitu kimoja. Mtoto wa miaka minne, kaka yake wa miaka kumi na mitatu na nyanya yao hupita lango lile lile, kisha kila mmoja akakuta bustani yake. Somo hili linaeleza sababu ya tofauti hiyo, na jinsi mteja anavyoweza kujua mapema iwapo bustani inawafaa wote anaowalipia.

Aina mbili za vivutio

Bembea za familia ni zile zinazokwenda polepole na kumruhusu mzazi kuketi na mtoto: farasi wa kuzunguka, treni ndogo, mashua. Bembea za kasi ni zile zinazopanda juu, kuporomoka ghafla au kumpindua abiria kichwa chini miguu juu.

Mwenye bustani anazihitaji zote mbili. Bembea ya kasi hupamba matangazo na kuwavuta vijana. Familia nayo huja na watu wengi, hukaa kutwa na kununua chakula. Bustani ya Alton Towers nchini Uingereza ni mfano mzuri. Mwaka 2013 ilifungua Smiler, bembea ya reli inayompindua abiria mara 14, na ambayo haimpokei mtu mwenye kimo chini ya mita 1.4. Mwaka uliofuata ilifungua CBeebies Land, eneo la watoto wadogo. Mzazi mwenye mtoto wa miaka mitano aliyevutiwa na tangazo la bembea ya kwanza angemlipia mtoto asiyeweza kuipanda. Eneo la pili ndilo lililomfaa.

Funzo kwa mteja ni kwamba picha iliyo kwenye bango si kipimo cha thamani ya tiketi. Kipimo ni idadi ya vivutio ambavyo kila mmoja wenu ataruhusiwa kuvitumia siku hiyo.

Kwa nini kimo hupimwa

Mlangoni mwa bembea ya kasi huwekwa ubao wenye alama ya kimo. Baadhi ya wazazi huichukulia alama hiyo kama bei ya sokoni, inayoweza kupunguzwa kwa maneno matamu: "Amepungukiwa na vidole viwili tu." Lakini alama hiyo inahusiana na umbo la kiti na kizuizi kinachomshika abiria.

Chukua mfano wa kizuizi cha mapajani, yaani chuma kinachoshuka na kukaza juu ya mapaja. Kinamshika vyema abiria ambaye mwili wake unakijaza kiti. Mtoto mdogo hubaki na nafasi kati ya mwili wake na chuma. Bembea inapoporomoka, mwili huinuka kutoka kitini, na mtoto anaweza kuchopoka kupitia nafasi hiyo.

Hatari huzidi pale chuma kimoja kinapowafunga watu wawili. Chuma hicho husimama kinapoligusa paja nene zaidi. Mzazi akiketi na mtoto, mzazi hukazwa na mtoto hubaki wazi. Kumkumbatia hakutoshi, kwa kuwa mkono wa mtu haumudu msukumo wa bembea inayokata kona kwa kasi. Kwa sababu hiyo, ahadi ya "nitampakata" si kinga. Vivyo hivyo, viatu vya soli nene na nywele zilizofungwa juu humwongezea mtoto kimo bila kumwongezea usalama.

Hata mtoto aliyefikia kimo anapaswa kuwa na uwezo wa kufuata maagizo. Asiyeweza kutulia kitini mpaka bembea isimame kabisa hajawa tayari, hata kama alama ya ubaoni inamruhusu.

Kimo peke yake hakitoshi

Juni 2015, behewa la Smiler lililobeba watu 16 liligonga behewa tupu lililokuwa limekwama kwenye reli. Mfumo wa usalama ulikuwa umesimamisha bembea, lakini mafundi, wakidhani ni hitilafu ya mfumo, waliupuuza na kuiruhusu iendelee. Vijana wawili walipoteza mguu mmoja kila mmoja. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni inayoendesha bustani hiyo faini ya pauni milioni 5.

Alama ya kimo isingeweza kuizuia ajali hiyo. Mteja hawezi kukagua mitambo, lakini anaweza kuutazama mwenendo wa wahudumu. Hilo lina uzito zaidi katika bembea zinazofungwa kwa siku chache kwenye maonyesho ya kilimo au viwanja vya sikukuu, kisha zikafunguliwa na kuhamishwa.

Kabla ya kulipa

1. Pima vimo vya watoto nyumbani, wakiwa bila viatu.
2. Uliza orodha ya bembea na masharti ya kila moja. Hesabu zile ambazo kila mtoto anaruhusiwa kupanda.
3. Uliza kama kiingilio kinajumuisha bembea zote au kila bembea hulipiwa peke yake. Familia yenye watoto wadogo huenda ikapata nafuu kwa kulipia chache wanazozitumia.
4. Uliza kama bembea yoyote imefungwa siku hiyo, na kama bei imepunguzwa kwa sababu hiyo.
5. Uliza kama wazazi wanaweza kupokezana: mmoja abaki na mtoto, kisha mwenzake akirudi, apande bila kuanza foleni upya.
6. Tazama mzunguko mmoja kabla ya kupanda. Mhudumu anapaswa kupima kimo na kukijaribu kila kizuizi kwa mkono wake. Asipofanya hivyo, ondokeni.

Haki yako

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, habari anazozihitaji ili anufaike nazo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro ya huduma. Kwa hiyo, kuuliza masharti ya kimo kabla ya kulipa si usumbufu.

Ukiwa na malalamiko, hifadhi tiketi na risiti, piga picha ya bango na ya ubao wa masharti, andika saa na jina la bembea, kisha uwasilishe malalamiko kwa maandishi kwa uongozi wa bustani. Usiporidhika na jibu, peleka nakala kwa mamlaka inayohusika na ulinzi wa watumiaji. Na mtoto akikataliwa na mhudumu kwa sababu ya kimo, mshukuru mhudumu huyo: ametimiza sehemu ya huduma uliyoilipia.