Faini ya mahakamani Kilosa: fedha inaishia kwa nani?

Hukumu ikishasomwa, watu hubaki nje ya mahakama wakiulizana kuhusu fedha. Haya ndiyo maswali yanayorudi zaidi Kilosa na Mikumi, na majibu yake kisheria.

Ng'ombe walikula mahindi yangu. Mfugaji akatozwa faini, akalipa, mimi sikupata hata senti. Kwa nini?

Pole sana, ndugu. Faini ni adhabu, na mkosaji anailipa kwa Serikali. Ibara ya 135 ya Katiba inapeleka mapato ya Serikali kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, na hakimu hawezi kukukatia fungu humo. Haki yako wewe ni fidia. Mahakama, hata ya mwanzo, inaweza kuamuru mkosaji akulipe fidia juu ya adhabu aliyopewa, ila inahitaji ushahidi wa hasara. Hapo ndipo wakulima wengi wanapokwama: wanafika na uchungu bila tathmini. Kabla hujapanda upya, mwite afisa ugani apime eneo lililoliwa na aandike thamani yake, kisha mkabidhi mwendesha mashtaka karatasi hiyo na umwombe aiwasilishe.

Nalisisitiza hili kwa sababu wilaya hii imezika watu. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kesi ya malisho inayoishia kwenye faini tu humwacha mkulima na shamba tupu, na ugomvi unabaki palepale.

Kwa hiyo hakimu hanufaiki na faini anazotoza?

Hapaswi kunufaika hata kidogo. Mahakama huendeshwa kwa fedha za bajeti kupitia Mfuko wa Mahakama, ulioanzishwa na Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011. Utengano huu ni kinga yako. Huko Ferguson, Marekani, uchunguzi wa Wizara ya Sheria uliotolewa Machi 2015 ulionyesha kuwa polisi na mahakama ya mji walikuwa wakisaka faini ili kujaza bajeti ya mji, na waliobebeshwa mzigo zaidi ni raia weusi.

Kwetu, jicho kali lielekezwe kwenye faini za sheria ndogo, kwa kuwa hizo ni mapato ya halmashauri yenyewe. Anayetoza ndiye anayetumia. Wananchi waulize kwenye mikutano ya kijiji zimekusanywa ngapi na zimefanya nini.

Nitajuaje kuwa fedha yangu imefika Serikalini?

Dai kumbukumbu namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Mfumo wa malipo ya Serikali umekuwapo tangu 2017, na unalipa benki au kwa simu. Usimkabidhi mtu noti mkononi, hata kama amevaa sare.

Naendesha bodaboda Mikumi. Faini ya barabarani ni kiasi gani?

Bunge liliipunguza mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kwa bodaboda na bajaji. Kukiri si lazima. Unaweza kukataa kosa na kuomba kupelekwa mahakamani.

Polisi wanaweza kunitoza fedha ya dhamana?

Hapana. Dhamana ya polisi haiuzwi.

Ndugu yangu amehukumiwa faini au jela miezi sita, nasi hatuna kitu. Tufanyeje?

Mwombeni hakimu muda wa kulipa, au kulipa kwa awamu, na mwelezeni hali halisi ya familia. Kwa kosa linaloruhusu, ombeni pia atumikie jamii chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002. Akiwa ameshapelekwa gerezani, bado msikate tamaa: faini ikilipwa yote anaachiwa, na ikilipwa sehemu, siku za kifungo hupungua kwa kiasi kilicholipwa. Familia nyingi hazilijui hili, na ndugu zao wanamaliza kifungo kwa deni ambalo lingeweza kupunguzwa. Chukueni nakala ya hukumu, nendeni kwa karani wa mahakama iliyotoa adhabu, na mwombeni namba ya malipo leo.